Maswali Tisa, Hata kwa Shangazi

Vijana wangu, juzi nilipita ofisini kuwasalimia, nikamsikia mmoja wenu akimwambia mteja, "Wewe ni mtu wa nyumbani, fomu tutajaza baadaye." Nikajishughulisha na kikombe changu. Mstaafu akianza kufoka ofisini huambiwa sukari imempanda. Lakini chai yenu ilinishinda kumeza, nikaaga mapema, na sasa nimeketi barazani kwangu nawaandikia. Mkikuta neno kali humu, jueni nimeliweka kwa makusudi.

Maisha yangu yote ya kazi nimekuwa mshauri wa fedha hapa Garissa. Marehemu mama yangu alifariki akiamini kwamba nauza bima. Baba mkwe wangu mpaka leo husema niko "kule benki". Kazi yenyewe mnaijua: kumsaidia mtu aone akiba yake aiweke wapi, auze mifugo lini, awekeze katika jambo gani lisilo na riba, na siku ya shida asimame na nini. Hayo yote yanafundishika. Ugumu uko kwingine. Ugumu ni kumhudumia mtu wa mia tano kama ulivyomhudumia wa kwanza, siku ambayo joto limepanda, umekosana na mkeo tangu asubuhi, na aliyeketi mbele yako ni shemeji ya mkubwa fulani anayetazama saa yake.

Aliyenifunza ni Bi Kaltuma, mwanzilishi wa ofisi ile. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye dirisha la benki kabla ya kukodi vyumba viwili karibu na soko la Suqa Mugdi. Mama mfupi, miwani yake imefungwa kwa kamba, na hana subira na mtu anayejipendekeza. Siku yangu ya kwanza nilifika na kalamu tatu na kikokotoo kipya. Hakuvitazama. Alinipeleka kwenye chupa ya chai. Ofisini tulizungumza Kiswahili kwa sababu mhasibu wetu alikuwa Mpokomo, na Kiswahili cha Bi Kaltuma kilikuwa cha kwetu kabisa, kile ambacho p hugeuka b na punda akawa bunda.

"Chai ni moja," akasema. "Sukari ni moja. Kikombe ni moja. Mtu akuje na gari, akuje na bunda, chai ni ile ile. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa chochote. Nilidhani ni mama anayejali vyombo vyake. Ilinichukua miaka kujua kwamba mtu aliyepewa chai ya maziwa leo na chai ya rangi kesho huanza kujiuliza ni nini kimebadilika, na akishaanza kujiuliza hivyo, hakusikii tena. Utamweleza habari za faida na hasara mpaka midomo ikauke, naye anafikiria kikombe.

Alikuwa na sheria nyingine iliyonichosha: kila mteja apigiwe simu kila baada ya miezi mitatu, hata kama hakuna jipya. Nikamuuliza siku moja, "Bi Kaltuma, kama hakuna habari nimwambie nini?" Akanijibu, "Mwambie hakuna habari. Hiyo bia ni habari." Sisi ni watoto wa wafugaji, na mtu akitoka malishoni jambo la kwanza anaulizwa habari: mvua imenyesha wapi, kisima gani kimekauka, nani amehama. Anayekaa kimya anatiliwa shaka. Siku hizi nyinyi mnatuma ujumbe wa sauti, na ni jambo zuri, hasa kwa wazee wasiosoma. Ila yule aliyemtumia mzee wa miaka sabini "Niaje mzae, form ni ile ile," nataka kumjua kwa jina.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya kuchekesha. Tulikwenda upande wa Diff kuonana na wafugaji, nami nikiwa na karatasi zangu nikaketi mbele ya mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina. Baada ya salamu nikamuuliza waziwazi, "Una ngamia wangapi?" Mzee akasimama, akakung'uta shuka yake, akaondoka bila hata kuaga. Mimi mwenyewe nimezaliwa na watu wa ngamia! Nilijua vizuri kwamba mifugo haihesabiwi mbele ya watu, maana jicho lina mambo yake. Lakini nilikuwa nimevaa tai, na tai humsahaulisha mtu.

Bi Kaltuma alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanifunza jambo ambalo halimo katika kitabu chochote cha kazi yetu. Usimuulize mfugaji idadi. Muulize kunywesha kunachukua muda gani. Akisema wanaanza alfajiri na jua la adhuhuri linawakuta bado kisimani, umeshapata hesabu yako. Muulize ameajiri wachungaji wangapi, na akihama anahitaji siku ngapi. Atakujibu kwa furaha, maana unamuuliza habari za kazi yake, na hapo mali yake hujaigusa.

Kutoka kwa mambo kama hayo ndipo yalipopatikana yale maswali tisa. Bi Kaltuma aliyaandika kwa wino mzito kwenye kipande cha katoni, akakibandika ukutani. Tisa, kwa mpangilio ule ule, kwa kila aingiaye, kabla ya ushauri wowote. La tatu ni hilo la kunywesha, au kwa mfanyabiashara, duka lake linachukua muda gani kujaa tena likiisha bidhaa. La nne nalipenda kuliko yote: "Ni pesa ipi ambayo ukiiita leo, lazima iitike leo?" Maana kuna pesa inayoweza kulala mbali miaka mitano bila kudhuru mtu, na kuna pesa ambayo ikichelewa siku tatu, nyumba inaanguka. Wengi wetu huzichanganya. Na wengi huficha. Mficha uchi hazai, husema wenyewe wa pwani, na mshauri asiyeuliza ni sawa na mkunga anayefumba macho.

Sasa nifike ninapotaka kufika, ijapokuwa si mahali ninapopapenda.

Shangazi yangu, Eeddo Sahra kama tunavyomwita shangazi kwa Kisomali, ni dada ya baba. Aliishi nje kidogo ya Diff na mifugo yake. Mama yangu alipougua nikiwa mdogo, Eeddo ndiye aliyenilea miaka miwili. Nimekunywa maziwa ya ngamia wake kuliko maji. Basi siku alipokuja Garissa kutafuta ushauri, sikumweka kwenye benchi pamoja na watu. Nilimpitisha moja kwa moja chumba cha ndani. Nikaagiza hotelini chai ya maziwa ya ngamia, na mandazi ya moto. Nikafunga mlango. Alikuwa ameuza sehemu ya ngamia wake, akaniambia anataka ile pesa iwe mahali ambapo haiwezi kufa kwa kiu.

Maswali tisa? Nani amuulize Eeddo Sahra maswali? Kwetu hapa, kumhoji mtu aliyekulea juu ya mali yake ni kama kumpekua mfukoni. Halafu nilijiambia, mbona namjua? Tukazungumza habari za ukoo, tukacheka, akaweka alama ya kidole chake nilipomwonyesha. Alipoondoka nikachukua fomu, nikayajaza majibu yote tisa mimi mwenyewe. Kwenye lile la nne niliandika: "Hakuna. Ana mifugo."

Nikamwingiza katika ushirika wa nyumba za kupangisha. Ulikuwa mradi safi, hauna riba, na wapangaji wenyewe ni wa uhakika. Ila pesa ikiingia inafungwa miaka mitatu.

Wiki hiyo hiyo alikuja Mutua, Mkamba aliyekuwa akiendesha lori la maji kutoka Dadaab. Simjui, hanijui. Akaketi kwenye benchi, akanywa chai ya chupa, zamu yake ikafika. Nikamuuliza yote tisa kwa zaidi ya saa nzima, maana sikuwa na haya naye. Akalalamika, "Mzee, hata askari wa barabarani hawaniulizi hivi." Kwenye la nne alifikiri sana, akasema, "Injini. Hii injini ikikufa, mimi na familia hatuna kitu." Tukamgawia: sehemu kwenye nyumba zile zile, sehemu karibu, anapoweza kuifikia asubuhi akaipata jioni. Nilimshauri vizuri sana. Nililala usingizi wa mtu mwema.

Kisha mvua ikakosekana msimu mmoja, na wa pili. Mnaokumbuka kiangazi kile mnakumbuka. Eeddo akanipigia simu. Visima vimeisha, maji yanaletwa kwa lori, nyasi kavu zinatoka mbali na bei yake haishikiki. "Abdinoor, niletee ile pesa yangu," akasema, kwa utulivu wa mtu anayemwomba mwanawe amletee maji ya kutawadha. Nikamwambia imefungwa. Kwenye simu nilisikia upepo tu, kisha ikakatika.

Mtoto wa wafugaji, na niliandika kwa mkono wangu kwamba mwenye mifugo hahitaji pesa ya haraka! Mifugo ndiyo inayoiita pesa kwa sauti kubwa kuliko mtoto mgonjwa. Mjinga wa mjini angeweza kukosea hivyo akasamehewa. Mimi sikuwa na udhuru.

Nilizunguka kwa wanachama wa ule ushirika mmoja mmoja, nikimtafuta wa kuichukua sehemu yake. Nilipiga magoti, na si kwa mfano. Zilipita wiki tano mpaka mwalimu mmoja akakubali. Pesa ilipofika Diff, maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Idadi ya waliokufa sitaitaja, hata leo. Nitawaambia tu kwamba zamani ngamia wa Eeddo walichukua asubuhi nzima kunyweshwa, na baada ya kiangazi kile walimaliza kabla chai haijapoa.

Mwezi mmoja baadaye Eeddo alikuja. Sikumwona akiingia. Nilipofungua mlango kumwita mteja anayefuata, yeye ndiye aliyekuwa kwenye benchi, mkongojo magotini, na watu wengine watano kando yake. Nikaanza kwa Kisomali, "Eeddo, karibu ndani." Akanikata kwa Kiswahili. Vijana, mjue uzito wa jambo hilo. Kiswahili kwetu ni lugha ya kusemea na watu wa nje. Shangazi yangu hakuwahi kunitamkia neno moja la Kiswahili tangu nizaliwe.

"Hapana ndani," akasema. "Hapa hapa. Lori ya maji ilikuja kwetu. Dereva anaitwa Mutua. Anasema injini yake ilikufa, akatengeneza siku ile ile, kwa sababu iko watu Garissa walimuuliza maswali tisa. Mimi nikauliza, watu gani? Anasema, Abdinoor." Akanitazama. "Sasa mimi nauliza. Dereva, maswali tisa. Mimi, ngabi?"

Nikasema tena, "Eeddo, tafadhali."

"Eeddo hakuna hapa. Leo mimi mgeni. Mgeni ndio nabata kazi fizuri."

Akainuka, akaondoka. Mtu wa kwanza kwenye benchi alijifanya anasoma ile katoni ukutani. Nimewahi kuibiwa, kutukanwa, hata kuburutwa mbele ya wazee wa ukoo, lakini aibu ya siku ile sijaipata tena.

Bi Kaltuma alikuwa amesikia yote. Nilitarajia anifukuze. Alinisogezea kiti tu, akaniambia, "Wewe umemheshimu mbaka umemuumiza."

Nikapendekeza sheria: mtu asihudumie jamaa yake. Akanicheka. "Garissa hii? Basi funga ofisi leo. Hata mimi na wewe ni jamaa." Ni kweli. Kwa hiyo tukashika njia ngumu zaidi: jamaa ahudumiwe, lakini akae benchi lile lile, anywe chai ile ile, aulizwe maswali tisa yale yale, na ajibu kwa kinywa chake. Mlango wa chumba cha ndani tuliung'oa bawaba ili kusiwe na ndani.

Msidhani ilikuwa rahisi. Wa kwanza kupimwa nayo alikuwa baba mkwe wangu. Alipofika kwenye swali la pili aliuliza kama nimemwoa binti yake au nimemshtaki. Alihama, akapeleka pesa zake kwa mshindani wetu, na mwaka mzima Idi ililiwa kwa kimya nyumbani kwao. Mheshimiwa mmoja alinitumia ujumbe nimfuate kwenye gari lake nje. Nikamtumia kikombe cha chai ya chupa na salamu kwamba ni wa tatu kwenye foleni. Alikinywa, kisha akaondoka. Wazee wa ukoo walikuja kunisema: kwa nini unawakalisha watu wako kwenye mbao kama wageni? Niliwajibu kwamba wageni wangu wote walivuka kiangazi salama, na wangu mwenyewe ndiye niliyemzamisha. Tulipoteza wateja, si wachache. Kuna miezi ambayo Bi Kaltuma alilipa kodi kwa kuuza mbuzi wake. Hakuniambia nilegeze hata mara moja, nami sikulegeza. Nilikuwa nimeapa, na kila nilipotaka kuruka swali kwa sababu ya haya, niliona lile benchi.

Eeddo hakunisemesha kwa miaka miwili. Tukikutana harusini, alinisalimia tu kama anavyomsalimia daktari wa mifugo wa serikali: kwa adabu, na kwa haraka.

Kisha Jumatatu moja asubuhi nikamwona tena kwenye benchi. Mbele yake walikuwapo wafanyabiashara wawili wa mbuzi. Mpokezi wetu mpya, aliyejua ukoo wetu, alimwinamia akitaka kumleta mbele. Eeddo akamwonyesha wale wawili kwa mkongojo. Mwili mzima ulinivuta kumwita. Mmoja wa wale wauza mbuzi alikuwa mwingi wa maneno, kila swali alilijibu kwa hadithi. Sikumharakisha. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, na wa pili vile vile, na Eeddo akingoja, akinywa chai ya chupa yenye sukari ile ile ambayo najua haipendi.

Zamu yake ikafika. Aliketi mbele yangu, akatazama ile katoni, ingawa hasomi. Nikaanza na la kwanza. Akanijibu kwa Kiswahili, kwa kifupi, kama mtu aliye mbele ya karani. La pili. La tatu: kunywesha kunachukua muda gani? "Kidogo," akasema, na wote wawili tukatazama meza. Nikaliuliza la nne, kama ninavyoliuliza kwa kila mtu, nikaruka neno katikati, nikalirudia toka mwanzo. Alinitajia pesa ya maji na pesa ya nyasi. Nikaandika. La tano, la sita.

La saba ni hili: "Ukiondoka duniani, ni nani ambaye ukimfikiria leo unakosa amani?" Kwenye fomu ile niliyoijaza mwenyewe, mstari huo niliandika jina la mwanawe bila hata kuinua kalamu.

Eeddo aliulaza mkongojo wake sakafuni. Kisha akajibu kwa Kisomali.

"Dahabo."

Dahabo ni mke mwenzake. Tulipokuwa watoto tulionywa tusibebe maneno kati ya nyumba zile mbili, na ukoo mzima uliamini wanawake hao hawawezi kuchovya mkono kwenye sahani moja.

"Hana mtoto," akasema Eeddo. "Mume amekufa. Na mimi nikifa, mirathi yangu haimjui, atabaki hana hata kikombe. Kiangazi kile, uliponiambia pesa imefungwa, ni yeye aliyesikia nikilia. Alivua dhahabu yake yote, ya mahari, ya mikono na ya shingo, akaiuza, akanunua maji kwa ngamia wangu. Hao waliobaki ni kwa dhahabu ya Dahabo. Hakuniambia nirudishe. Sheria ya dini inaniruhusu wasia wa theluthi kwa asiye mrithi wangu. Niandikie Dahabo."

Nimemjua Eeddo Sahra tangu nilipopata akili. Niliandika jina la Dahabo polepole, herufi moja moja, nikaigeuza karatasi alione, hata kama hasomi. Nilitaka kuzunguka meza nimbusu mkono, nimwombe msamaha, nimwambie afunge fomu twende nyumbani. Lakini yalikuwa yamebaki mawili, na kwenye benchi alikuwapo mtu mwingine akisubiri zamu yake. Nikamuuliza la nane.